Surua ya Mashati Themanini

Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mara kumi na tano kabla ya chai ya asubuhi ni maradhi. Hivyo ndivyo alivyosema mama mkwe, siku ya tatu tu baada ya kumpokea mke wa mwanawe, na papo hapo akambandika jina la Bi Maswali. Jina likaganda. Mume akalichukua, wateja wakalichukua, na mwenyewe hakulikataa maana lilikuwa haki yake. Akipewa dawa ya kikohozi alisoma karatasi yote ya ndani, pamoja na yale maandishi ya chini ambayo hata aliyeyaandika hayasomi. Akisikia majirani wamegombana, moyo haumtulii mpaka ajue nani alianza na alitamka neno gani hasa.

Mama mkwe naye alikuwa na jina lake. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa vile pindo zake hazifumuki. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa kiwanda: vyerehani viwili vya miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka kona moja, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Mafundi wa nguo mnawajua. "Njoo kesho" yao ina umri mkubwa kuliko watoto wao. Mama Pindo hakuwa wa namna hiyo. Akisema Ijumaa ni Ijumaa, na ikibidi anakula amesimama. Alijisifu kwamba hajamchelewesha mteja hata siku moja tangu aanze kazi, na hakuna aliyejitokeza kumkanusha.

Mtu wa tatu katika chumba kile alikuwa Kifungo, mwana wa Bi Maswali, mwenye miezi minane na siku zake, aliyepewa jina hilo na bibi yake kwa kuwa alizaliwa mdogo na mviringo. Kutwa alitambaa chini ya meza akiokota nyuzi na kuzionja. Huyu ndiye hasa mwenye kisa, ingawa yeye hakujua lolote.

Kisa kilianza pale mhudumu wa afya alipopita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Surua imeingia, alisema. Watoto watatu mtaa wa nyuma, mmoja kalazwa. Kila mtoto anayefikisha miezi tisa apelekwe zahanati akachanjwe, asicheleweshwe. Mama Pindo alimsikiliza kwa adabu zote, akamvutia kigoda, akampa maji ya kunywa, na alipomaliza akamshukuru. Kisha akamwambia kwa sauti ileile ya upole kwamba katika nyumba hii surua haichanjwi.

Jambo lile likamkaa Bi Maswali kooni. Matone ya mdomoni Kifungo alipewa yote. Sindano za paja alichomwa zote, na siku mbili kati ya hizo ni bibi mwenyewe aliyembeba. Mtu anayekataa kila chanjo unaweza kusema ni mkaidi ukaendelea na shughuli zako. Lakini anayekubali zote akakataa moja ana sababu, na Bi Maswali hajawahi kuiacha sababu ikapita mbele yake bila kuisalimia.

Alianza na mume. Mume alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu mwema, ila alikuwa fundi wa kuunganisha chuma na chuma, si neno na neno. Alinawa mikono, akakaa kula, na alipobanwa sana akatoa yote aliyokuwa nayo: kabla yake kulikuwa na kaka. Kaka alichanjwa surua, akapata surua, akafa. Yeye hakuchanjwa na yuko hai. Bi Maswali anataka nini zaidi?

Alitaka mengi. Alikuwa na umri gani? Aliugua siku ngapi? Nani alisema ni surua? Mume hakujua hata moja. Alizaliwa miaka miwili baadaye na hajawahi kuuliza. "Na wewe usimuulize Mama," akasema. "Mengine yote muulize, hilo liache."

Kumwambia Bi Maswali asiulize ni sawa na kumwambia paka asitazame samaki. Ila safari hii alinyamaza, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hata mumewe hakumwambia: alikuwa anaogopa. Jirani mmoja alikwisha kumnong'oneza ampeleke mtoto kimyakimya, aseme alikwenda sokoni, mbona wenziwe wanafanya hivyo. Zahanati haikuwa mbali, angekwenda na kurudi kabla pasi haijapoa. Kilichomzuia si hofu ya mama mkwe peke yake. Alijiuliza, je, kama ni kweli? Hakuna aliyemthibitishia kwamba si kweli. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na surua ilikuwa mtaa wa nyuma, na kadi ya Kifungo ilikuwa na tarehe iliyokuwa ikija.

Basi akaenda zahanati peke yake, kwa kisingizio cha kununua uzi. Nesi aliyemkuta alikuwa mwanamke mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Bi Maswali akauliza moja kwa moja kama chanjo ya surua inaweza kumpa mtoto surua ikamuua. Alitegemea kuchekwa au kuhubiriwa. Nesi hakufanya lolote kati ya hayo. Alieleza kwamba baada ya chanjo mtoto anaweza kupata homa, na pengine vipele vichache, lakini hivyo huja baada ya wiki moja au zaidi kidogo, kisha huondoka vyenyewe. Surua yenyewe, ile inayotoka kwa mgonjwa, ina mwendo wake. Ikishamwingia mtoto hukaa kimya siku kumi hivi. Halafu homa, mafua, macho mekundu. Halafu baada ya siku mbili tatu nyingine ndipo vipele.

"Sasa mimi nikuulize," nesi akasema. "Huyo mtoto vipele vilimtoka siku ya ngapi baada ya kuchanjwa?"

Bi Maswali hakuijua siku hiyo. Ameuliza watu maswali tangu alipojua kusema, na leo ameulizwa yeye na hana jibu.

"Bila hiyo siku," nesi akasema, "mimi na wewe tunabahatisha tu."

Akarudi nyumbani na uzi ambao haukuhitajika, akiwaza. Siku hiyo ataipata wapi? Mama Pindo hakuwa mtu wa kalenda. Ukimuuliza mvua kubwa ilinyesha lini, atakujibu ni mwaka ule alioshona mapazia ya ukumbi. Harusi ya binamu ilikuwa wakati wa gauni la bibi harusi lililofumuliwa mara mbili. Maisha yake yote aliyapanga kwa kazi zilizopita chini ya mashine, na hapo ndipo Bi Maswali alipokumbuka mashati themanini.

Mashati themanini yalikuwa hadithi ya nyumba ile. Kila mgeni alisimuliwa: jinsi Mama Pindo, angali kijana, alivyopewa na shule kazi ya sare, mashati themanini ya kaki, akayashona peke yake na kuyapeleka siku aliyoahidi, na kwa malipo yake akanunua cherehani cha pili. Bi Maswali alikwisha kuisikia mara kumi. Ila safari hii alikumbuka neno ambalo mama mkwe hulisema akiifuta vumbi mashine ile, kwamba imemzidi mume wako miaka miwili. Miaka miwili kabla ya mume wake ndipo kaka alipokufa. Kumbe mashati na mtoto vilikuwa mwaka mmoja, na katika mara zote kumi mtoto hakutajwa.

Siku iliyofuata walikuwa wawili kwenye vyerehani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na walikuwa na kazi ya mashati sitini, yaliyoahidiwa Jumatano. Watoto waliingia na kutoka kupimwa, wengine na makamasi yao, na Kifungo alikuwa chini akishika kila kiatu kilichopita. Palipotulia kidogo, Bi Maswali akaanza kwa mbali. Mashati themanini alianzaje kuyashona? Moja moja, au kwa mafungu?

Mama Pindo alipenda swali hilo. Kwa mafungu, bila shaka. Unakata yote. Kisha kola zote, maana kola ni kazi ya ukorofi, ukiiacha katikati mkono unasahau. Kisha mifuko. Kisha mikono, mbavu, pindo, vitundu vya vifungo, kisha vifungo vyenyewe, pasi. Kila fungu na siku zake. Bi Maswali akauliza hili na lile, kila jibu likizaa swali dogo, mpaka akafika alipokuwa anakwenda.

"Na mtoto ulimwacha na nani, Mama?"

Mashine ya Mama Pindo ikasimama. Bi Maswali akasimamisha na yake. Mwenye kovu usidhani kapoa, na yeye alikuwa amelikanyaga kovu lenyewe.

"Nani kakwambia?"

"Mwanao. Kaniambia kidogo tu, hajui mengi."

"Atajuaje na hakuuliza?" Mama Pindo aliyatazama mashati mapajani mwake. "Hakuna aliyeuliza. Wote wananipita pembeni, kama mimi ni shimo."

Halafu akasema. Mtoto hakumwacha na mtu. Alikuwa papo hapo chini ya meza, pale alipo Kifungo sasa, na watoto wa shule walikuja kupimwa, kumi kumi kwa siku. Tarehe yake ya kuchanjwa ilifika wiki ileile kitambaa kilipoletwa. Akasema, nikate kwanza. Alipokwisha kukata akasema, nimalize kola. Kola zilipokwisha akambeba, akampeleka. Asubuhi ile mtoto alikuwa na macho mekundu na mafua kidogo, lakini kaki mpya ina vumbi na wanga, hata yeye mwenyewe alikuwa anapiga chafya. Akamsafisha macho kwa maji, wakaondoka. Foleni ilikuwa ndefu, aliyechoma hakutazama macho ya mtu. Wakarudi, akaanza mifuko.

"Mifuko ilikuchukua muda gani?" Bi Maswali akauliza polepole.

"Siku mbili. Siku ya tatu nikaingia kwenye mikono. Mkasi ukaanguka, nikainama kuuokota, ndipo nikaviona vipele nyuma ya masikio." Akalikunja shati moja mapajani. "Kwenye vitundu alikuwa hanyonyi tena. Wakati wa kupiga pasi hakuwepo. Na mashati nikayapeleka siku niliyoahidi."

Bi Maswali akasogeza kigoda chake karibu naye.

"Nilimbeba mwenyewe," Mama Pindo akasema. "Nikampeleka mzima, nikamrudisha na surua. Ndiyo maana Kifungo sitaki."

Kesho yake Bi Maswali alikuwa mlangoni pa zahanati kabla haijafunguliwa. Alimweleza nesi yote, kola, mifuko, mikono, na macho yaliyodhaniwa vumbi. Nesi alivua miwani. Siku ya tatu haiwezi kuwa chanjo, alisema. Na asubuhi ile ya macho mekundu, surua ilikuwa imekwisha kuwa ndani ya mtoto yule kwa siku kumi au karibu na hapo. Chanjo ilimkuta mgonjwa.

"Kama angeletwa tarehe yake," nesi akasema, kisha akakomea hapo.

Bi Maswali akaimalizia mwenyewe kichwani na akajuta kuwa mwepesi wa kuelewa. Njiani alizigawa habari zile kama mtu anayekata kitambaa: hiki cha kumpa mama mkwe, hiki cha kufungia kabatini kisionekane tena. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupata jibu na kutamani asingelijua.

Alimkuta Mama Pindo amekaa kwenye mashine na mkono mmoja wa shati umeshikizwa pini. Akapiga magoti kando yake, akamwambia haikuwa chanjo. Mtoto alikuwa na surua tayari. Macho yale hayakuwa vumbi la kaki. Mama Pindo akamwambia arudie, akarudia. Akataka zile siku, akahesabiwa kwa mwendo wa kazi aliousema mwenyewe, na kila fungu akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo si mimi niliyempeleka kufa."

"Si wewe, Mama."

Mama Pindo akaweka paji la uso juu ya mashine na akalia, na Bi Maswali akalia naye huku amemshika mgongo. Kifungo akatoka chini ya meza, akawatazama wote wawili kwa zamu, akaona hapana la kumhusu, akarudi kwenye nyuzi zake.

Bi Maswali alidhani mambo yamekwisha. Alipogusia habari ya Kifungo, mama mkwe akamwambia amwache kwanza afikiri. Akafikiri siku mbili. Alishona kimya, na mara kwa mara mguu ulisimama, midomo ikacheza, vidole vikapiga hesabu juu ya meza. Bi Maswali aliujua uso ule. Ndio uso wa fundi anayepima kama kitambaa kitatosha. Akaogopa. Yeye asiyepitwa na kitu hakuthubutu kuuliza kinachohesabiwa ni nini.

Jumatatu asubuhi alimkuta Kifungo ameogeshwa na kuvalishwa, na bibi yake amejitanda, kadi mkononi. Mwalimu wa shule alikuwa amesimama mlangoni akicheka. Mama Pindo alikuwa amemwambia mashati ya Jumatano hayatakuwa tayari, na mwalimu alidhani ni utani. Alipoona hapana anayecheka naye, akaaga na kuondoka.

Bi Maswali, aliyekwisha kuketi kwenye mashine, akalitazama rundo la mashati yasiyo na mikono. Yakichelewa, shule itawaonaje? "Mama," akasema, "si tungemaliza mikono kwanza? Tutakwenda mchana."

Mama Pindo alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama. "Toa mguu kwenye hiyo mashine," akasema.

Nje walimkuta mume akichomelea geti la mteja. Akauliza wanakwenda wapi. Mama yake akamjibu wanakwenda kuchanja, na alipofumbua mdomo akaambiwa aufumbe, cheche zitamwingia. Akaufumba. Akabaki na kinyago chake cha kuchomelea mkononi akiwatazama mpaka walipokata kona.

Kwenye zahanati foleni ilikuwa fupi. Mama Pindo hakumwachia mtu mtoto. Zamu yao ilipofika, aliketi kwenye benchi mbele ya meza, akampakata Kifungo na kutoa kadi. Nesi akamtambua Bi Maswali, akatabasamu, kisha akaisoma kadi.

"Bibi, mmewahi," akasema. "Tarehe yake ni Alhamisi. Mnaweza kurudi siku hiyo."

Mama Pindo hakunyanyuka.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa na mwingine. Tarehe yake ilifika, nikasema nikate kwanza. Nikasema nimalize kola. Nimezihesabu, ni siku kumi na sita. Wakati watoto wa watu wanaingia na kutoka nyumbani kwangu na kikohozi chao, mimi nasema kesho. Chanjo haikumfanya kitu. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Huyu usinirudishe naye nyumbani."

Bi Maswali akainamisha uso. Kile kipande alichokificha kabatini, mama mkwe alikuwa amekikata mwenyewe, peke yake, kwa siku mbili, na hakumwambia mtu.

"Surua ndiyo iliyomuua, Mama," nesi akasema taratibu. "Si wewe."

"Najua," Mama Pindo akasema. "Mchome."

Nesi akaitazama tena ile tarehe, kisha akaiweka kadi mezani. Surua ilikuwa mtaani, siku tatu hazikuwa kitu. Akainuka kwenda kwenye boksi la baridi. Mama Pindo akampandisha Kifungo mkono wa shati, akaukamata mkono wake mdogo kwa mikono yake miwili, na nesi alipokuja na sindano hakutazama pembeni.